Kamba za Nyumba ya Kona

3 Februari

Mwanangu mpendwa, kitinda mimba wangu,

Pokea salamu zangu mimi mama yako, ambaye ni mzima isipokuwa goti la kushoto, nalo nimelizoea kama mpangaji asiyetaka kuhama. Bibi yako anakusalimu. Sikio moja limegoma kabisa, ila lile jingine linasikia hata yasiyomhusu. Dada yako anakusalimu, ameongezewa zamu kule kiwanda cha mikate na anarudi na unga mpaka kwenye nyusi. Mapacha wake wanakusalimu, mmoja kang'oka jino na mwenzake analia kwa nini lake bado limo. Jirani yetu mshona viatu anakusalimu na anauliza kila asubuhi kama umeoa. Nikimwambia bado, anasikitika kuliko mimi. Shemeji yako, huyu aliyekuletea barua kwa lori lake, atakusalimu mwenyewe akiamua kufungua mdomo. Unamjua, maneno yake hutoka kwa kijiko.

Sote hatujambo, hofu ni kwako tu. Unakula? Miwani ya kazi unaivaa, au unaining'iniza shingoni kama mkufu?

Naandika kwa sababu kwenye simu unasema "niko salama, Mama" halafu unakata. Barua huwezi kuikata.

Sasa nyumba ya kona. Tangu ulipoinunua naenda kila siku. Wapita njia wananiambia, mtoto wako kanunua gofu. Nawajibu, gofu lina msingi, nyie mna midomo. Fundi mwashi tuliyempata anaitwa Taratibu, jina alilopewa na watu, na si kwa sababu ya upole. Juzi alitaka kuziba ule ufa wa chumba cha kona na kuupaka rangi juu. Nikamwambia abomoe mpaka tuuone mwisho wake. Akaguna, akabomoa. Ndani tulikuta bomba limeoza, limelia machozi ukutani miaka yote hiyo na hakuna aliyejua. Tumelitoa. Sasa ukuta una shimo, lakini ni shimo la kweli.

Uliniambia nikupimie madirisha mwenyewe, nisimwachie Taratibu, kwa kuwa hizo fremu na grili utazichomelea huko karakanani kwenu. Nimepima mara tatu. Mawili ya mbele, 120 kwa 48. La chumba cha kona, 100 kwa 40. La jikoni, 60 kwa 24. Tepu uliyonitumia ni nzuri sana, inarudi ndani yenyewe kama ulimi wa kinyonga.

Usikawie kujibu.

Mama yako


26 Februari

Mama, shikamoo,

Nimefurahi kusikia wote wazima. Mwambie mshona viatu kwamba nikioa, viatu vya bibi harusi atashona yeye, na bure.

Miwani naivaa.

Tajiri wangu ameniruhusu kutumia mashine baada ya saa za kazi na kuchukua vipande vya chuma vinavyobaki. Fremu zote nne nimemaliza, shemeji anakuja nazo. Umefanya vizuri kubomoa ule ufa. Nyumba ya zamani ukiipaka rangi tu, mpangaji wa kwanza anafurahi, wa pili anakuhama, wa tatu anakusema mji mzima.

Mama, nisikilize hapa. Vyumba ni vinne. Nataka vyote vinne vipate wapangaji kabla mwaka haujaisha. Usiniwekee hata kimoja. Nimeweka kila nilichonacho kwenye nyumba hiyo, na mikono hii haitachomelea milele. Ikifika mwisho wa mwaka, nataka nyumba ndiyo inilishe.

Mwanao


30 Machi

Mwanangu,

Salamu za wote, bibi yako, dada yako, mapacha (jino la pili limeng'oka, amani imerudi), mshona viatu. Goti linasumbua kwa sababu ya mvua.

Fremu zimefika. Ni kazi safi, sijaona mahali palipochomelewa vibaya. Ila zimekataa kidogo. Upana zimekaa sawasawa, kimo ndicho hakikutosha. Zile za mbele zimekuwa kama mdomo wa sanduku la posta. Taratibu alikaa chini kabisa ili acheke vizuri. Mshona viatu naye akaja, akauliza kama tunaweka askari humo wa kuchungulia adui. Nikawafukuza wote wawili.

Usihuzunike. Nadhani ni ukuta. Kuta za zamani zikibomolewa hujitanua. Nimeziba matundu kwa turubai, mvua haiingii sana. Plasta ya chumba cha kona tumeipiga jana.

Lakini umesema hutachomelea milele. Kwani kuna nini? Mtu wa miaka thelathini na tano anaongea kama mstaafu.

Jibu upesi.

Mama


24 Aprili

Shikamoo Mama,

Kuta hazijitanui. Kosa ni langu peke yangu, nilikata kwa haraka bila kutazama vizuri. Usimlaumu mtu, wala usijilaumu. Nitatengeneza upya.

Nipimie tena tafadhali. Safari hii andika namba kubwa kubwa, kwa wino mweusi.

Hakuna kitu. Nilikuwa nasema tu.

Mwanao


21 Mei

Mwanangu,

Nakusalimu tena na tena. Bibi yako anasema nikuandikie kwamba yeye bado yuko, maana anaona hukumtaja kwenye barua mbili sasa. Dada yako amepewa likizo ya siku tatu na amezilala zote. Mapacha hawajambo. Shemeji yako amebadilisha matairi na kwake hiyo ni habari ya mwezi.

Ile tepu imekwama, haitoki wala hairudi. Kwa hiyo nimefikiria, nikachukua kamba ya mwashi, ile nyembamba anayonyooshea matofali. Nimeilowesha nikaianika kwanza, isije ikafupika njiani na kutuletea sanduku jingine la posta. Nimekata kamba nne, dirisha moja kamba moja. Mwanzo wa kamba mpaka kwenye fundo ni upana, fundo mpaka mwisho ni kimo. Zile mbili zilizo sawa ni za mbele. Fupi kuliko zote ni ya jikoni. Iliyobaki, niliyoiunguza ncha, ni ya chumba cha kona. Nilipanda kwenye kiti cha bibi yako, goti na yote, na Taratibu akashika kiti huku akisema wanawake wa mji huu watamuua.

Jambo moja. Siku hizi unaniandikia herufi kubwa kama za bango la duka. Ukurasa mzima maneno ishirini. Na mistari yako inapanda mlima. Unadhani mama yako hajui kusoma? Nasoma polepole, lakini hufika.

Nijibu hilo.

Mama


18 Juni

Shikamoo Mama, na shikamoo Bibi, Bibi, Bibi. Nimemtaja mara tatu, nimelipa deni.

Kamba zako zimefika na hakuna kipimo bora nilichowahi kupewa. Nilizishika, nikafumba macho, nikayaona madirisha yote manne. Hapa karakanani wananicheka, wanasema Cheche, ndivyo wanavyoniita huku, siku hizi anapima kama anayefunga ng'ombe. Waache wacheke. Fremu mpya zinakuja na shemeji, na nimezikagua kwa kamba zako pembe hadi pembe.

Herufi ni kubwa kwa sababu kalamu ina ncha nene. Mistari inapanda kwa sababu meza yangu ina mguu mfupi.

Wapangaji je? Tafuta wote wanne. Nasisitiza.

Mwanao


27 Julai

Mwanangu, fundi wangu,

Sote wazima. Nitakusimulia ya nyumbani baadaye, nimeshindwa kusubiri.

Zimeingia. Taratibu alichukua kisu chake cha plasta akazunguka dirisha la kwanza akitafuta upenyo wa kukipitisha, hakupata. La pili hivyo hivyo. La kona ilitosha aliambie "karibu" likaingia lenyewe. Mshona viatu alisimama barabarani akayahesabu moja moja bila utani wake, nikamuuliza kama anaumwa.

Vyumba viwili vya mbele amechukua mwalimu, anakaa na mama yake mzee, watu safi. Kile chenye mlango wa barabarani amechukua kinyozi. Anaimba akinyoa, ila si vibaya. Chumba cha kona bado. Plasta haijakauka.

Sasa ya nyumbani. Shemeji yako aliporudi kutoka kwako nilimuuliza, umemwonaje? Akaendelea kula mpaka sahani ikaisha. Kisha akasema, "Alinimiminia chai. Nusu iliingia kwenye kikombe." Halafu akatoka kwenda kuosha lori, na lori lilikuwa safi.

Mimi nimekaa na ile nusu nyingine wiki nzima.

Mwanangu, niambie.

Mama


22 Agosti

Shikamoo Mama,

Natumaini hamjambo nyote. Chai ilimwagika kwa sababu shemeji hutingisha meza akikaa. Asikutie wasiwasi bure.

Sijaelewa habari ya chumba cha kona. Ni plasta gani isiyokauka tangu Machi, na jua lote hili? Tafadhali kipangishe. Mwaka unakwisha.

Mwanao


15 Septemba

Mwanangu,

Leo sianzi na salamu za kila mtu. Wote wazima, wamejazana mlangoni wanataka kujua naandika nini, nimewafungia nje.

Barua yako ya mwisho imeandikwa na mtu mwingine. Mwandiko mzuri, mistari imenyooka kama waya, na ndicho kilichoniogopesha. Nimeuweka karibu na barua zako za nyuma, nikazipanga mezani kuanzia Februari. Herufi zinakua, zinakua, halafu wewe unatoweka anakuja mgeni.

Sitaki kukuuliza kama polisi. Naanza na langu.

Tepu haikukwama. Ipo, nimeifungia kabatini, bado inarudi ndani vizuri. Mimi siwezi kuisoma. Unajua nilisoma madarasa mawili tu, kusoma nimejifunzia kwenye magunia na mabango. Namba nazijua. Lakini ile tepu ina namba upande huu na namba nyingine upande ule, na vistari katikati kama miguu ya tandu. Upana nilisoma upande mmoja, nikaigeuza kupima kimo, nikasoma upande wa pili. Sikujua kama hizo pande mbili hazisemi lugha moja, huku sentimita, kule inchi. Juzi mwalimu alinikuta uani naitazama, akanionyesha polepole bila kucheka. Akasema, "Mama, dirisha hili ni mraba. Kimo na upana ni sawa." Nikaketi chini pale pale.

Mraba, mwanangu. Nimelifuta lile dirisha vumbi miezi saba na sikuona.

Lile lilikuwa kosa langu, na niliona haya kulisema, nikausingizia ukuta. Wewe ukajibebesha. Nikafurahi, Mungu anisamehe, nikasema afadhali. Lakini sasa nafikiri. Fundi aliyekaa miaka kumi na minne kazini anatumiwa dirisha la mbele la 120 kwa 48. Mtoto niliyemzaa mimi, anayebishana hata na saa ya ukutani, anakata chuma bila kuuliza "Mama, hili dirisha au upenyo wa paka?" Kwa nini hukuuliza?

Langu nimelisema. Niliogopa utanipokonya kazi ya nyumba umpe mwingine anayejua. Sasa sema lako.

Mama


12 Oktoba

Mama, shikamoo.

Anayeandika ni mwenzangu wa meza ya kukata, ndiye aliyeandika na ile nyingine. Anakusalimu. Anajua yote, kwa hiyo nitasema mbele yake, naye ameahidi kuandika bila kupunguza.

Sikuuliza kwa sababu sikuwa na hakika umeandika nini. Niliona 48, kisha 43, kisha 18. Nikaigeuza karatasi kwenye taa, namba zikacheza. Nikisema nimuulize mwenzangu, nitakuwa nimeungama kwamba sioni. Nikachagua moja nikakata. Fremu ziliposhindwa, nilijua ni macho yangu. Sikuwahi kufikiri kwamba huenda ni wewe. Kumbe tulikuwa wawili, kila mtu amekaa juu ya kosa lake kama kuku.

Ni hivi. Katikati ya kila ninachotazama kuna ukungu. Pembeni naona. Nikimtazama mtu usoni naona masikio yake. Daktari wa macho alisema ni mwanga wa moto, miaka ile ya mwanzo nilipokuwa nachomelea bila miwani kwa sababu miwani ilikuwa inanichelewesha. Ulikuwa unaniuliza miaka yote. Kila mara nilijibu "naivaa", na ilikuwa kweli, ila nilianza kuivaa nikiwa nimechelewa. Hakirudi kilichopotea. Kilichobaki kinaweza kubaki kama nitaacha moto. Amenipa mpaka mwisho wa mwaka niuache.

Alinieleza hayo mwezi mmoja kabla sijanunua nyumba. Ndiyo sababu niliinunua. Sikutaka faida ya kujivunia. Nilitaka kitu kitakachosimama mahali pangu mimi nikiwa siwezi.

Zile fremu za kamba ni kazi ya mwisho niliyofanya vizuri bila msaada wa mtu. Nilipitisha kidole kwenye fundo, nikajua. Niliona aibu kufurahi namna ile.

Kwa hiyo kipangishe chumba cha kona, Mama. Nitakaa hukuhuku na kodi utanitumia kwa shemeji. Sitaki kurudi nikashikwa mkono barabarani, mshona viatu ananitazama. Na wewe una goti lako na Bibi. Usiniongeze kwenye orodha.

Mwanao

(Mimi mwandishi naongeza, mama, kwamba hapo mwisho alikuwa anazungusha kamba yako moja kidoleni. Sijapunguza.)


5 Novemba

Mwanangu mpendwa, kitinda mimba wangu,

Pokea salamu za mama yako. Goti halijambo. Bibi yako anakusalimu, nilipomsomea barua yako, sikio lile moja lilisikia kila neno, akasema, "Mimi sikio, yeye jicho, tukae pamoja tutatimia mtu mmoja." Kisha akalia kidogo, kisha akaomba chai. Dada yako anakusalimu, amefunga mkate kwenye mfuko wa bluu, ule kabla haujakauka. Mapacha wanakusalimu, wanagombania nani atakuwa wa kwanza kukuonyesha meno mapya, nimewaambia watasimama pembeni ndipo utaona. Mwenzako anayeandika, na leo anayekusomea, msalimu sana, mwambie ana mwandiko wa watu waliolelewa. Shemeji yako anakusalimu. Safari hii amesema sentensi nzima bila kuombwa: "Kiti cha mbele kwenye lori ni chake." Na mshona viatu, ambaye unamwogopa bure, anakusalimu. Nilimweleza. Aliacha nyundo akaniambia kwamba uzi haoni kuuingiza kwenye sindano mwaka wa sita huu, mkewe ndiye humwingizia wote asubuhi kabla hajatoka. Mtaa mzima hakuna anayejua. Sasa unajua wewe.

Plasta ya chumba cha kona ilikauka Aprili.

Nilipoona herufi zako zinakua mwezi wa tano, sikujua ni nini, lakini nilijua ni kitu. Dalali ameniletea watu watano. Wote niliwaambia plasta. Wa tano aliigusa ukutani akaniambia, "Mama, hii ni kavu kama mfupa." Nikamwambia haikauki ndani.

Umesema uliinunua isimame mahali pako. Nyumba inalipa, vyumba vitatu vimejaa, mwalimu ameomba akae miaka mitatu. Hilo umelifanya, na kwa macho hayo hayo. Lakini mwanangu, hatukubomoa ule ukuta na kutoa lile bomba ili mgeni alale pakavu.

Wala huji kukaa bure. Taratibu ameona nyumba nyingine nyuma ya soko, mbaya kuliko hii ilivyokuwa, wenyewe wamechoka nayo. Anasema rangi imefunika kila kitu na macho yanadanganywa, anataka mtu wa kugonga kuta na kusikia palipo na uwazi, wa kupitisha kidole aseme hapa kuna maji. Nikamwambia namjua mtu wa vidole. Akajibu, "Basi aje, ila taratibu." Alicheka peke yake.

Ndani ya barua hii kuna kamba. Mwambie mwenzako asikueleze, akupe tu mkononi. Ni chumba cha kona. Shika ncha iliyoungua, hapo ndipo mlangoni. Fundo la kwanza ni kitanda, mkono wako wa kulia. Fundo la pili ni meza, nimekata miguu yote minne sawa. Fundo la tatu ni dirisha ulilolitengeneza. Ukifika hapo simama, asubuhi jua linaingia upande wa kushoto, na pembeni unaona, umesema.

Baada ya fundo la tatu nimeacha kipande kitupu. Usihangaike kuandika. Kama unakuja, funga fundo lako hapo mwisho, umpe shemeji yako airudishe. Lori linageuza Alhamisi.

Funga upesi, baba. Nitakuwa getini.

Mama yako